Namba 18 Kwenye Skrini: Kuhakiki Majibu ya Maabara Yanayopita Katika Programu za Wavuti

Namba 18 ikisimama peke yake kwenye skrini ya kompyuta haimwambii tabibu lolote. Ikiwa ni sukari ya damu iliyopimwa kwa milimoli kwa lita, mgonjwa ana sukari ya juu mno na huenda akahitaji insulini. Ikiwa ni miligramu kwa desilita, namba hiyohiyo ni sawa na milimoli 1.0 kwa lita, na mgonjwa anahitaji glukosi mara moja, kabla ya jambo jingine lolote. Insulini inayomsaidia mgonjwa wa kwanza inaweza kumuua wa pili. Kinachowatofautisha ni herufi chache zilizopaswa kuandikwa kando ya namba.

Kwa miaka mingi herufi hizo zililindwa na mikono ya watu. Mtaalamu wa maabara aliandika jibu kwenye fomu, mgonjwa akaibeba fomu hadi chumba cha tabibu, na tabibu akiona jambo lisiloeleweka alivuka ua kwenda kuuliza. Siku hizi, katika vituo vingi vya umma vya Tanzania Bara, safari hiyo hufanyika ndani ya kompyuta. Mfumo wa GoT-HoMIS, ulio chini ya TAMISEMI, ni mmoja wa mifumo inayotumika kwa kazi hiyo. Tabibu hubonyeza jina la mgonjwa, programu iliyo kwenye seva huulizwa, nayo hurudisha jibu. Ni nani basi anayehakiki kwamba thamani iliyofika mbele ya tabibu ndiyo iliyotoka maabara?

Katika makala hii nitachukua mifano yangu Nassa, Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Mifano yenyewe ni ya kutunga na haielezi kasoro ya mfumo au kituo chochote. Nimepachagua mahali hapo kwa sababu ya kichocho cha kando ya Ghuba ya Speke, desturi ya majina ya mapacha, na historia ya mipaka ya mikoa. Mambo matatu ambayo, kama tutakavyoona, huitia programu ya kompyuta majaribuni.

Ujumbe ndani ya mabano

Programu mbili zinapozungumza kupitia wavuti, mara nyingi hutumia umbo la maandishi liitwalo JSON. Lilienezwa na Mmarekani Douglas Crockford mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kiwango chake kinachofuatwa leo kwenye intaneti, RFC 8259, kilichapishwa Desemba 2017. Hata msomaji asiyejua lugha ya kompyuta anaweza kuusoma ujumbe wa namna hii:

{"kipimo": "glukosi", "thamani": 18, "kizio": "mg/dL", "muda": "2024-03-05T22:30:00Z"}

Ni jozi za majina na thamani zilizofungiwa ndani ya mabano. Uzuri wake ni urahisi, na hatari yake imo humo humo. JSON inafahamu namba, maandishi, ndiyo na siyo, orodha, fungu la jozi kama hili, na neno null lenye maana kwamba hakuna thamani. Haifahamu tarehe. Haifahamu kizio cha kipimo. Kwake “mg/dL” ni maandishi kama maandishi mengine, na yakikosekana hailalamiki. Kiwango cha FHIR cha shirika la HL7, kinachotumiwa duniani kupitisha taarifa za afya, kinajaribu kuziba pengo hilo kwa kutenga mahali maalumu pa thamani na mahali maalumu pa kizio katika kila jibu la maabara. Lakini kutenga mahali hakumzuii mtu kupaacha patupu au kuweka kisicho sahihi.

Pamoja na ujumbe, seva hurudisha namba ya hali. Namba 200 maana yake ombi limepokelewa na kujibiwa vema. Wako watengeneza programu wanaoridhika hapo: jibu limekuja, hali ni 200, kazi imekwisha. Ni sawa na kumtuma mtu maabara akarudi na bahasha, nasi tukafurahia bahasha bila kuifungua. Ujumbe wenye 18 bila kizio hurudi na hali 200. Ujumbe wenye jibu la mgonjwa mwingine nao hurudi na hali 200.

Kontroli ya asubuhi

Watengeneza programu wenye nidhamu wanayo dawa ya jambo hili, nasi watu wa afya tunaifahamu kwa jina jingine. Kila asubuhi, kabla ya kupima sampuli ya mgonjwa, maabara hupima sampuli ya kudhibiti ubora, ambayo wengi wetu huiita kontroli. Thamani yake inajulikana tangu awali. Mashine ikitoa thamani iliyo nje ya mipaka iliyowekwa, hakuna mgonjwa anayepimwa mpaka sababu ipatikane.

Majaribio ya vipande hufanya kazi hiyo ndani ya programu. Huitwa hivyo kwa kuwa hukijaribu kipande kimoja kimoja cha programu, si mfumo mzima kwa mara moja. Mtengeneza programu huandaa mgonjwa wa kubuni mwenye jibu linalojulikana, akakiuliza kipande husika kama tabibu ambavyo angeuliza, kisha akasoma ujumbe wa JSON uliorudi na kuulinganisha na matarajio: thamani iwe 18, iwe namba na si maandishi, kizio kiwe “mg/dL”, na mgonjwa awe yule yule aliyeulizwa. Lolote likitofautiana, jaribio hushindwa na toleo jipya la programu halipelekwi kituoni. Majaribio haya hujiendesha yenyewe kila programu inaporekebishwa, hata kama marekebisho yalihusu rangi ya kitufe tu. Hapo ndipo thamani yake ilipo, kwa kuwa kosa linaloumiza mara nyingi huingia siku ambayo hakuna aliyegusa sehemu ya maabara kwa makusudi.

Kuna sharti moja ambalo maabara hulizingatia na watengeneza programu wakati mwingine hulisahau. Thamani ya kontroli haitoki kwenye mashine inayojaribiwa. Vivyo hivyo, thamani inayotarajiwa katika jaribio isikokotolewe na programu ileile, wala isinakiliwe kutoka kwenye jibu ililotoa jana. Jaribio la namna hiyo litafaulu daima, hata programu ikikosea, kwa sababu linailinganisha na yenyewe. Thamani inayotarajiwa itoke kwa mtu aliyeikokotoa kwa kalamu na karatasi, na mtu huyo hawezi kuwa mtengeneza programu peke yake.

Nimekwisha kusikia ikisemwa vikaoni kwamba hayo ni ya vijana wa TEHAMA. Sikubaliani. Kijana wa TEHAMA anajua kuandika jaribio. Hajui kwamba sukari ya 1.0 ni dharura, wala kwamba himoglobini ya 72 na ya 7.2 zinaweza kuwa damu ileile, moja ikiwa imeandikwa kwa gramu kwa lita na nyingine kwa gramu kwa desilita. Tusipomwambia, atalijaribu analolijua.

Mayai manne, mayai matano

Tuchukue kichocho cha tumbo, ugonjwa ambao wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria wanaufahamu vema. Katika kipimo cha Kato-Katz, mtaalamu huhesabu mayai ya Schistosoma mansoni kwenye kiasi cha kinyesi chenye uzito wa miligramu 41.7. Ili kupata idadi ya mayai kwa gramu moja, anaizidisha hesabu yake kwa 24. Shirika la Afya Duniani limegawa wingi wa maambukizi katika mafungu: mayai 1 hadi 99 kwa gramu ni maambukizi hafifu, 100 hadi 399 ni ya wastani, 400 na kuendelea ni makali.

Mtengeneza programu akiachwa peke yake atajaribu, tuseme, mayai 10. Yanakuwa 240, programu inarudisha “wastani”, jaribio linafaulu, naye anaendelea na kazi nyingine. Mtaalamu wa maabara angemshauri tofauti, kwa kuwa makosa hujificha mipakani. Mayai 4 yarudishe 96 na “hafifu”. Mayai 5 yarudishe 120 na “wastani”. Mayai 16 yarudishe 384, bado wastani. Mayai 17 yarudishe 408, na hapo fungu libadilike kuwa “makali”. Majaribio hayo manne yana faida kuliko mia moja ya katikati ya fungu.

Kisha aongeze la tano, lenye mtego. Slaidi mbili za mgonjwa mmoja zikasomwa, moja ikawa na mayai 4 na nyingine mayai 5. Wastani ni 4.5, ukizidisha kwa 24 unapata 108, yaani fungu la wastani. Programu inayokata desimali kabla ya kuzidisha itaifanya 4.5 kuwa 4, ikatoa 96, na mgonjwa akashuka fungu. Hakuna ujumbe wa kosa utakaoonekana. Hali itakuwa 200.

Kwa mgonjwa mmoja mmoja, dozi ya prazikwanteli haitabadilika kwa sababu ya fungu hilo. Hutolewa kwa uzito, au kwa urefu wakati wa ugawaji wa dawa shuleni. Wa kuathirika ni mpango wa wilaya. Mafungu hayo ndiyo yanayoonesha kama ugonjwa mkali unapungua katika kijiji, na wagonjwa wakishushwa fungu kimyakimya na programu, kijiji kitaonekana kimepata nafuu ambayo hakikuipata.

Sifuri si ukimya

Slaidi iliyosomwa ikakutwa haina yai hata moja ni 0. Slaidi iliyovunjika kabla ya kusomwa si 0. Ni null, na ujumbe useme kwamba kipimo hakikufanyika. Kwa binadamu tofauti hiyo iko wazi. Kwa programu iliyoandikwa kwa haraka, vyote viwili ni “hakuna kitu”, na mara nyingi null hugeuzwa kuwa 0 ili jedwali lipendeze. Mgonjwa ambaye damu yake iliganda kwenye chupa, na kipimo cha himoglobini kikashindikana, hapaswi kuonekana ana himoglobini ya 0. Na mbaya zaidi ni pale programu inapoliacha jibu la zamani mahali pake, kwa kuwa hilo huonekana la kawaida kabisa na halimshtui mtu.

Suala hili lipo hata katika mifumo mikubwa iliyofikiriwa vizuri. DHIS2, mfumo uliobuniwa na kulelewa katika Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za nchi nyingi, ikiwemo Tanzania, kwa kawaida hauhifadhi sifuri, isipokuwa msimamizi ameeleza kwamba katika kipengele hicho sifuri ina maana. Uamuzi huo una sababu zake: taarifa za mwezi zimejaa sifuri, nazo hula nafasi. Lakini kituo kilichoripoti vifo sifuri vya uzazi na kituo ambacho hakikuripoti chochote si vituo sawa, na lazima mtu akumbuke kuchagua. Jambo jingine katika mfumo huohuo ni kwamba thamani husafiri kwenye JSON kama maandishi: “12” ndani ya alama za mtajo, si 12. Jaribio lisilotofautisha hayo mawili linaweza kufaulu leo, kisha kesho programu nyingine ikajumlisha “12” na “3” na kupata “123”.

Hali kadhalika ndiyo na siyo. JSON ina neno false lenye maana ya siyo. Mtu akiliandika ndani ya alama za mtajo, linakuwa maandishi, na katika lugha ya JavaScript maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa ndiyo. Sehemu ya mzio wa penisilini yenye “false” ya maandishi inaweza kumwekea alama nyekundu mgonjwa asiye na mzio wowote, akanyimwa dawa iliyomfaa. Jaribio lihakiki thamani pamoja na aina yake.

Kulwa na Doto

Kwa Wasukuma mapacha huitwa Kulwa na Doto. Tuseme wamekua, wakajiandikisha siku moja mahali pamoja kupata vitambulisho vya taifa, na namba zao zikafuatana kwa karibu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa, ambayo kwa pacha ni moja. Kivinjari kinachotumia JavaScript huzitunza namba za kawaida kwa ukamilifu hadi 9,007,199,254,740,991, yaani tarakimu 16 tu. Zaidi ya hapo huikadiria namba kwa ile iliyo jirani inayoweza kuitunza. Kwa namba zenye ukubwa wa zile za NIDA, jirani huyo yuko kila baada ya 4,096. Namba mbili zinazotofautiana kwa pungufu ya hapo zinaweza kugeuka kuwa namba moja.

Kwa hiyo mfumo unaomtambua mgonjwa kwa namba ya NIDA, na kuipeleka kwenye JSON kama namba badala ya maandishi, unaweza kumfungulia tabibu faili la Doto akidhani ni la Kulwa. Majina yanafanana, umri ni mmoja, kijiji ni kimoja, sura ni ileile. Hakuna kitu chumbani cha kumzindua tabibu. Tiba yake ni rahisi: namba ya utambulisho haijumlishwi wala kugawanywa, basi iandikwe kama maandishi, na jaribio la kipande liwe na wagonjwa wawili wa kubuni wenye namba zinazofuatana, likidai kila mmoja arudishiwe jibu lake. Sheria hiyohiyo huzilinda namba za simu, ambazo zikifanywa namba hupoteza sifuri ya mwanzo.

Mahali nako hubadilika. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Nassa ilikuwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Ujumbe unaosema “mkoa”: “Mwanza” una umbo sahihi, tahajia sahihi, na ulikuwa kweli kwa mgonjwa aliyeandikishwa mwaka 2010. Ukitumika leo kukokotoa taarifa za mkoa, unamhamisha mtu bila yeye kuondoka nyumbani.

Saa saba na nusu usiku

Mtoto amezaliwa saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 6 Machi. Kwa saa ya kompyuta hiyo ni 01:30 ya tarehe 6. Seva nyingi huhifadhi muda kwa saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo ujumbe wa JSON utasomeka 2024-03-05T22:30:00Z. Hakuna kosa hapo. Herufi Z ya mwisho inaeleza kila kitu. Kosa huja programu inapokata tarehe peke yake kutoka mwanzo wa maandishi hayo na kuonesha tarehe 5. Kwa mtoto aliyezaliwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili, kosa hilo humtupa kwenye taarifa ya mwezi Machi. Na mtoto mchanga akifariki, umri wake wa saa au siku, ambao kikao cha kupitia vifo huutegemea, unapotoka.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna mtego wa ziada. Muuguzi aliyechoka anaweza kuandika 7:30, kwa sababu ndivyo saa inavyotamkwa. Hakuna jaribio la kipande litakalojua alichokusudia, isipokuwa fomu iwe imetengenezwa kuuliza kwa saa za Kiswahili na programu ifanye ubadilishaji yenyewe. Ikifanya hivyo, jaribio la kwanza liwe saa saba na nusu usiku, kisha saa sita kamili usiku, penye mpaka wa siku.

Wagonjwa wa kubuni

Majaribio yanahitaji data, na kishawishi kikubwa ni kunakili faili za wagonjwa halisi kwenye kompyuta ya mtengeneza programu. Hilo lisifanyike. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Isitoshe, data halisi ni mbaya kwa majaribio: ina wagonjwa wengi wa kawaida na wachache wa mipakani. Mtaalamu wa maabara, tabibu na muuguzi wakikaa na mtengeneza programu kwa alasiri moja, wakiwa na karatasi yenye safu mbili, “tukiweka hiki” na “kirudi hiki”, wataandika wagonjwa wa kubuni arobaini walio bora kuliko faili elfu za kweli. Katika Afrika Mashariki utamaduni huu si mgeni. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kutokana na kazi ya madaktari wa Eldoret, Kenya, na wenzao wa Indiana, Marekani, uko wazi kwa umma pamoja na majaribio yake, na yeyote anaweza kusoma thamani zinazotarajiwa na kuzipinga kwa hoja.

Kwa mgonjwa anayesoma haya, ziko hatua chache za kuchukua chumbani. Ukisomewa jibu, uliza namba hiyo imepimwa kwa kizio gani, na uombe iandikwe hivyo kwenye daftari lako pamoja na tarehe ya kipimo. Ukiwa pacha, au una jina linalofanana na la jirani, taja jina lako lote na jina la mzazi hata kama faili limekwisha kufunguliwa. Na ukiambiwa jibu la kipimo ambacho hukutolewa damu, au tarehe isiyo yako, sema hapohapo, kabla dawa haijaandikwa. Tabibu aandike tukio hilo na kulipeleka kwa msimamizi wa mfumo pamoja na saa na skrini ilivyoonekana, ili lifanywe jaribio jipya la kipande lenye mgonjwa wa kubuni wa aina yako.